Mbwa wa Asiyeona na Bawabu wa Mlangoni

Ndugu wanachama, wengine watacheka kuona gazeti la chama laandika habari za mbwa. Wacheke, lakini wasome. Tajiri hasimami mlangoni pa hoteli, twasimama sisi. Mgeni asiyeona akija na mbwa wake, sisi ndio tunaoambiwa "Mfukuze!", na mambo yakiharibika sisi ndio tunaofukuzwa kazi.

Huko Marekani sheria ya 1990 yampa mtu huyo haki ya kuingia na mbwa wake dukani na hotelini. Lakini mbwa lazima awe amefundishwa kazi, kama kumwongoza asiyeona au kumwashiria asiyesikia. Mbwa wa kuliwaza moyo tu hahesabiwi. Mfanya kazi akiwa na shaka, aruhusiwa kuuliza maneno mawili: Mbwa huyu anahitajiwa kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti wala kuuliza ugonjwa. Mbwa akifanya fujo na mwenyewe asimzuie, mbwa atolewe, na mwenyewe ahudumiwe.

Basi walaghai wakaona njia. Hununua koti la mbwa wa kazi wakamvika mbwa wao wa nyumbani. Katika Florida, tangu 2015, mwongo wa namna hiyo ni mkosaji, na hutumikia saa 30 bila malipo katika chama cha kusaidia wenye ulemavu. California yaweza kumtoza hata dola 1,000, au kumfunga hata miezi 6.

Twaona ni haki. Mbwa wa mlaghai akimrukia mbwa wa kazi, anayeumia ni yule asiyeona. Lakini wako wasemao afadhali kila asiyeona achukue cheti. Hapo hatukubali. Babu zetu walivaa kipande shingoni. Twajua maana ya kusimamishwa utoe karatasi huku wenzako wapita tu.

Hapa Kenya mbwa hawa ni wachache, na wengi wetu (tusidanganyane) twaogopa mbwa. Hata hivyo Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, na ya kupanda magari ya abiria. Kwa hiyo twawataka wenye hoteli na wenye matatu waandike amri kwa Kiswahili: nani aingie, bawabu aulize nini, na nani ajibu ugomvi ukitokea. Amri ya mdomo hatuitaki, maana siku ya mashtaka tajiri huisahau. Makatibu wa matawi walilete jambo hili katika mkutano ujao na waajiri.