Nipe Kama Ile ya Jana

Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, ugomvi mkubwa haukuwa juu ya yale aliyoyasema bali juu ya jina la kitu chenyewe. Je, haya ni mashairi? Vina havikuwemo na mizani haikuhesabika. Kwa sikio lililolelewa na beti za mistari minne, mizani 16 kila mstari, nane huku na nane kule, ilikuwa kama mtu kuingia ngomani akasimama wima.

Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, walikuwa na hoja, tena nzito. Ushairi wa Kiswahili huimbwa. Vina na mizani si urembo wa kubandika, ndivyo vinavyoufanya uimbike na ukae kichwani, na ndiyo sababu watu wasiojua kusoma wameweza kuhifadhi tenzi nzima. Asiyetaka masharti hayo aandike atakavyo, walisema, ila atafute jina jingine. Chini ya hoja hiyo ilijificha nyingine ambayo haikutamkwa waziwazi kila mara: huyu ni mtu wa bara, wa Ukerewe, ameingia nyumba ya wenyewe na kuanza kuhamisha vitanda. Hiyo ya pili haina miguu. Kitabu kilichowafundisha wengi sheria zenyewe, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha mwaka 1954, kilitungwa na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Na Ujiji, kwa jiografia niliyosomeshwa mimi, iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Kezilahabi hakuomba radhi, na wala hakujifungia ndani akanuna. Alieleza kwamba alitaka ushairi utumie lugha ya kawaida, ile watu wanayozungumza kila siku. Kisha akafanya jambo ambalo wanaomtaja kama mwasi hulisahau: alikaa chini akamsoma bingwa wa upande wa pili, na tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa juu ya Shaaban Robert. Mwaka 1988 ikaja Karibu Ndani, na mwaka 2008 Dhifa. Toka diwani ya kwanza hadi ya tatu ni miaka 34, na katika muda wote huo hakurudi kwenye vina ili awaridhishe waliomsuta.

Naamini shutuma zile zilimfaa. Zilimlazimisha ajue kwa nini anaacha anachokiacha. Tatizo lilikuja kwa baadhi ya waliomfuata, waliodhani kuacha vina ni ruhusa ya kuikata insha vipande vipande na kuipanga wima kwenye ukurasa. Hao wangefaidika na mzee mmoja mkali wa pwani, awaambie guni, yaani shairi lenye kasoro, wanapoleta guni.

Kwa hiyo tunapowausia wasanii wasimame imara mbele ya wakosoaji, nahisi tunamwogopa simba asiyekuwepo. Mkosoaji hukupinga, na anayekupinga angalau amekusikiliza. Wa kuogopwa ni yule anayekuja akitabasamu, mkononi ana noti, anakuambia: nimeipenda sana, nipe kama ile ya jana.

Maneno hayo ndiyo yaliyoijenga sanaa ya Tingatinga, na ndiyo yaliyoifunga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikwenda kwanza kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alikata hadibodi vipande vya mraba, akatumia rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akachora ndege, chui na nyati wenye macho ya kumtazama mtazamaji. Wanunuzi walikuwa wageni wa Oyster Bay waliokuja kufanya manunuzi pale Morogoro Stores, jijini humohumo. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanaopenda kusimulia kwamba Tingatinga ilikuwa sanaa safi hadi watalii walipoichafua. Si kweli. Ilizaliwa sokoni, na hata mraba wake na mng'ao wake vilitokana na kile kilichopatikana kwa bei nafuu. Uhitaji wa fedha haukumzuia mtu yule kupata sauti yake, na huenda ndio uliompa.

Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Nduguze na vijana aliowafundisha wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika palepale walipozoea kuuza. Miaka minne ya mtu mmoja imekuwa ikilisha familia za watu kwa zaidi ya miaka 50. Hilo si jambo dogo, na sina ubavu wa kumcheka mchoraji anayemaliza twiga wake wa elfu moja ili alipe kodi ya nyumba. Lakini tazama kilichotokea. Yule wa kwanza alikuwa akijaribu. Waliomfuata, wengi wao, waliambiwa na mnunuzi kwamba jaribio limekwisha na jibu limepatikana. Kila anayechora kitu kingine anakaa nacho. Anayechora twiga na Kilimanjaro nyuma yake anauza kabla ya adhuhuri. Wapo waliotoka na rangi zao wenyewe, na mtu wa kutazama kwa makini huwatambua hata bila kusoma sahihi, ila njia ile si ya wengi.

Wanamuziki wanaijua hali hii kuliko mtu yeyote. Muziki wa amapiano ulipovuma kutoka Afrika Kusini, studio zetu nazo hazikuchelewa kuupiga mdundo uleule, kwani msikilizaji naye husema: nipe kama ile ya jana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mawaidha ya siku zote, kwamba msanii ashikilie sauti yake na riziki itakuja. Turudi kwa Kezilahabi. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kusomwa shuleni. Angeweza kuendelea na riwaya za namna hiyo, zenye kijiji, familia na msiba unaoeleweka, na wanafunzi wangemsoma. Badala yake akaandika Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba vilivyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambamo msomaji hupotea kama mtu aliyeingia ndotoni mwa mwenzake. Ni ujasiri, sikatai. Lakini Kezilahabi alikuwa mhadhiri, Dar es Salaam na baadaye Botswana. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia, Nagona iuzwe isiuzwe. Warithi wa Tingatinga hawana mwezi wa namna hiyo. Tukimsifu yeye kwa msimamo na kuwasuta hao kwa kurudiarudia, tunapima watu kwa mizani mbili.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, mnunuzi mwenye noti ni shule. Mchapishaji anapopokea mswada wa riwaya, swali linalomkaa rohoni ni moja: kitabu kitaingia kwenye orodha ya vitabu vya kusomwa shuleni? Kikiingia, kitachapwa na kuchapwa tena. Kisipoingia, mwandishi atagawa nakala kwa marafiki. Mwandishi analijua swali hilo kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Basi anapunguza hiki, anakwepa kile, anamrudisha mhusika muasi nyumbani kabla ya sura ya mwisho. Hakuna aliyemkataza. Ni kazi ya orodha, na orodha haina sura ya kugombana nayo kama wanamapokeo walivyokuwa na sura.

Swali la kuwauliza wenye mamlaka, basi, si kwa nini wasanii wetu hawana msimamo. Ni hili: nani analipia jaribio? Tuzo zimesaidia. Ile ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere inayotolewa tangu 2023, zimewapa waandishi fedha ambazo kabla hazikuwepo. Ila tuzo hulipa kazi iliyokwisha kufanyika, na waamuzi nao ni wanunuzi wa aina yake. Haichukui misimu mingi watu wakaanza kuandika kama mshindi wa mwaka juzi. Kinachokosekana ni fedha ya kabla: mwaka mmoja wa mshahara kwa mchoraji asiyedaiwa twiga, au nafasi moja tu kwenye orodha ya shule inayotengwa kwa kitabu ambacho kamati yenyewe imekigombania. Vyama vya ushirika vya wachoraji vingeweza hata kuwa na ukuta wa picha zisizouzwa.

Siku ukipita Morogoro Stores, na umeshachagua twiga wako na mmeshakubaliana bei, muulize fundi kama nyumbani ana picha ambayo hajawahi kuileta dukani. Akisema anayo, omba kuiona, na usianze kwa kuuliza bei.