Kila Mtu na Kifusi Chake

Mvua ikikesha kwenye vilima vya Pugu, asubuhi yake Barabara ya Morogoro haipitiki pale Jangwani. Dereva yeyote wa daladala jijini Dar es Salaam anajua hilo bila kusubiri taarifa ya habari. Mto Msimbazi si mrefu. Kutoka unakoanzia upande wa Kisarawe hadi unapomwaga maji baharini jirani na Daraja la Salenda haufiki kilomita 40. Lakini njiani unapokea maji ya Ubungo, Tabata na Vingunguti, na yote hayo lazima yapite kwenye bonde moja kati ya Magomeni na Fire. Yakizidi, polisi wanafunga barabara, makondakta wanatangaza kwamba gari linazungukia Kigogo, nauli inapanda palepale, na vijana wenye nguvu wanajitokeza kuwavusha watu mgongoni kwa buku moja au mbili.

Kwa miaka mingi wakazi wa jiji wamejifunza kuishi na maji haya, na wamejifunza vizuri mno. Ingia kwenye nyumba ya Vingunguti au Kigogo iliyo karibu na mto. Mlangoni kuna kizingiti cha zege kinachofika magotini, na mgeni inabidi anyanyue mguu kama anayepanda mtumbwi. Ndani, miguu ya kitanda imesimama juu ya matofali, friji iko juu ya meza ya mbao nzito, na soketi za umeme zimepandishwa hadi usawa wa bega. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na ripoti za shule zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuning'inizwa kwenye kenchi. Chini kabisa ya ukuta wa nyuma kuna tundu la ukubwa wa tofali lililozibwa kwa tambara. Maji yakiingia ndani, tambara linatolewa ili yapate pa kutokea. Ukuta wenyewe una mistari ya matope, mmoja juu ya mwingine, kila masika na mstari wake.

Huo ni ubunifu wa kweli na haustahili kubezwa. Aliyetoboa tundu lile hakusubiri semina. Ila ukitoka bondeni ukaenda Mikocheni, Tegeta au Boko, utakuta ujuzi huohuo kwa sura ya wenye nacho. Huko dawa ya mafuriko ni kifusi. Mwenye kiwanja anaagiza malori, anapandisha ardhi yake, anajenga msingi mrefu, anazungusha ukuta usio na hata tundu moja, kisha analala usingizi. Maji hayajaondoka. Yamehamia kwa jirani, ambaye mwakani naye, akipata fedha, ataagiza malori yake. Mtaa mzima unapanda juu kiwanja kimoja kimoja, na wanaobaki chini ni wasio na uwezo wa kununua udongo: mjane mwenye nyumba ya zamani, mpangaji, au barabara yenyewe. Iko mitaa ambayo leo barabara yake iko chini kuliko nyua za pande zote mbili, hivyo mvua ikinyesha barabara ndiyo mtaro.

Mafuriko ya Dar es Salaam yameachwa yawe matumizi ya nyumbani, yanayopangiwa fedha pamoja na mkaa na ada ya shule. Hilo ndilo kosa kubwa, kuliko hata uhaba wa madaraja.

Kila masika huja na lawama zilezile kwamba watu wa mabondeni ni wabishi. Tuhuma hiyo inahitaji kuangaliwa kwa utulivu. Desemba 2011, siku chache kabla ya Krismasi, ilinyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema jiji halikuwa limeiona mfano wake tangu 1954. Watu wapatao 40 walipoteza maisha. Familia nyingi zilizokuwa bondeni zikapewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Baadhi walijenga na wapo huko hadi leo. Wengine waliuza wakarudi mjini, na hesabu yao haikuwa ngumu. Anayebeba mizigo Kariakoo au kuchemsha chai Ilala, ambaye saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe ameshafika kazini, hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi Mabwepande kila siku akabaki na kitu mfukoni. Bondeni maji huja siku chache kwa mwaka, lakini nauli haina msimu. Desemba 2015 yakaja matingatinga: nyumba za Mkwajuni na maeneo ya jirani zikabomolewa, nyingine zikachorwa alama nyekundu ya X, shauri likaishia mahakamani. Bonde halikubaki wazi.

Tena ubishi, kama huo ni ubishi, serikali nayo ilikuwa nao. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulishalitaja bonde la Msimbazi kuwa eneo la hatari. Hata hivyo, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipojengwa, karakana na maegesho yakawekwa palepale Jangwani. Huduma ilianza 2016, na haukupita muda mrefu maji yakaanza kuingia kwenye maegesho. 2018 mabasi yaliharibika na usafiri ukasimama. Watu wa Kigogo na Hananasif waliyaona hayo wakiwa ng'ambo ya mto. Mtu akishaona mhandisi mwenye leseni amejenga bondeni, tangazo la kumtaka yeye aondoke hupungua uzito.

Na gharama ya maji haya? Utafiti wa Benki ya Dunia ulikadiria kwamba mafuriko ya Aprili 2018 peke yake yaligharimu kaya za jiji zaidi ya dola milioni 100. Ukiivunjavunja hesabu hiyo hupati maghorofa yaliyoanguka. Unapata magodoro, magunia ya unga, cherehani zilizoshika kutu, redio, viatu vya shule, na siku za kazi ambazo hazikulipwa.

Hizo siku za kazi ndizo husahaulika. Mama lishe ambaye kuni zake zimelowa hapiki, na asipopika hana cha kununulia mchele wa kesho. Fundi wa kuchomelea hawezi kugusa mashine yake ikiwa sakafu ina maji, na akiigusa anahatarisha roho yake. Mwenye fremu ya duka afadhali. Akiwa mwangalifu anaweka mzigo juu ya paleti za mbao na kuzima swichi kuu kabla ya kufunga. Kwa aliyeajiriwa tatizo ni jingine, maana ofisi na viwanda vingi bado vinahesabu mafuriko kuwa uchelewaji. Kibarua anayejua atakatwa siku ndiye anayejaribu kuvuka karavati lililofunikwa na maji. Kina cha sentimita 60 za maji yaendayo kasi kinatosha kulisukuma gari dogo nje ya barabara, na mtu wa miguu hahitaji kina hicho ili achukuliwe. Mwajiri mwenye busara angetangaza mapema, tahadhari ya mvua kubwa inapotolewa, kwamba siku hiyo hakuna atakayekatwa kwa kuchelewa. Tangazo hilo halimgharimu hata robo ya kinachomtoka mashine zinapoharibika.

Liko pia jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Mvua ikishika kasi, wapo wanaotapisha vyoo. Shimo linafunguliwa usiku, yaliyomo yanachukuliwa na maji ya mtaroni, na asubuhi watoto wanayakanyaga wakienda shule. Jiji lililohangaika na kipindupindu mwaka 2015 linajua mambo haya yanaishia wapi. Kukemea ni rahisi, na sheria ndogo za faini zipo. Lakini gari la kunyonya maji taka haliingii kwenye vichochoro vya Manzese au Keko, na pale linapofika bei yake inazidi uwezo wa mpangaji wa chumba kimoja. Na mjumbe wa shina anayetakiwa kumkamata mtapishaji naye ana choo, naye ana shimo lililojaa.

Kisingizio cha kutojua hakipo tena. Kuanzia 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kupita mtaa kwa mtaa wakichora majengo, vichochoro na mitaro. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na masika, na mvua kubwa inapokaribia hutangaza angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, kila moja kwa rangi yake. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilitangazwa tangu Agosti mwaka huo. Hata hivyo, Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua na mafuriko. Taarifa ilifika. Kilichokosekana ni mtu mwenye koleo, mkataba na tarehe ya kumaliza.

Zipo kazi zilizofanyika, na si haki kuzinyamazia. Mto Ng'ombe, uliokuwa ukiwanyima usingizi watu wa Sinza na Tandale, umejengewa kingo za zege. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, Uholanzi na Uhispania zikaongeza zao. Wakazi wa bonde la chini wamelipwa fidia wahame, mto utapanuliwa, na Jangwani itapata daraja la juu zaidi. Likikamilika vizuri, safari ya Kimara hadi mjini haitategemea tena hali ya hewa.

Ila daraja halizuii mchanga. Vilima vya Pugu vinaendelea kumeguka, wachimba mchanga wanaendelea kuchimba kingo, na kila masika shehena hiyo inateremka na kutulia chini ya daraja hadi uwazi uliobaki unakuwa mdogo. Ndiyo maana ekskaveta hurudi Jangwani kila mara kuchimbua kilekile kilichochimbuliwa awali. Daraja jipya bila bajeti ya kudumu ya kuzoa mchanga, na bila miti huko juu, litafukiwa kama la zamani, huenda kwa kuchelewa kidogo tu.

Mitaani ni hivyohivyo kwa kiwango kidogo. Angalia jinsi mtaro unavyosafishwa. Vijana wanaajiriwa wiki moja kabla ya ugeni au baada ya mvua ya kwanza, wanazoa matope na chupa za plastiki, wanayarundika ukingoni, wanalipwa, wanaondoka. Lori la kuyazoa halipiti. Mvua ya pili inakuja na kurudisha kila kitu mtaroni. Fedha imetumika kihalali, risiti zipo, na mtaro umeziba.

Hatua zinazohitajika hazina maajabu. Ofisi ya serikali ya mtaa ibandike ubaoni orodha ya mitaro yake, tarehe ambayo kila mmoja ulisafishwa, nani alilipwa, na taka zake zilipelekwa wapi. Kibali cha ujenzi kitaje kiwango cha mwisho ambacho ardhi ya kiwanja inaweza kupandishwa, na anayemwaga kifusi awajibike kuacha njia ya maji, la sivyo akitoe kwa gharama zake mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ianze kutumika kwa kiwanda, ghala na jengo la umma kabla ya kumfikia mpangaji wa chumba kimoja. Na halmashauri iwape ruzuku wenye mikokoteni na pampu ndogo za kunyonya vyoo, wanaoweza kuingia vichochoroni kwenye nafasi ambayo lori haliwezi, ili mashimo yamalizwe kiangazi.

Vuli huanza Oktoba, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai Mosi. Miezi hiyo mitatu ya katikati, ambapo jua linawaka na hakuna anayezungumzia mafuriko, ndiyo ya kuchimba, kuzoa na kukagua. Diwani akija kwenye mkutano wa mtaa, aulizwe fungu la mitaro liko kwenye ukurasa gani wa bajeti, na ajibu akiwa na karatasi mkononi.