Masizi ya Bert Williams

Wapo wahakiki wanaomhukumu Bert Williams kwa picha moja tu: mtu mweusi aliyejipaka masizi usoni, midomo imepanuliwa kwa rangi. Wakishaitazama humwita kibaraka, wakafunga faili. Huo si uhakiki, ni uvivu.

Williams alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, mwaka 1874, akapelekwa Marekani angali mtoto. Mchezo wa kujipaka masizi ya kizibo kilichochomwa aliukuta. Wazungu ndio waliouanzisha wakimkejeli mtumwa, na Mweusi alipopanda jukwaani walimtaka naye ajipake, kana kwamba Muumba alimpunja rangi! Mbona basi hawahukumiwi waliokata tiketi?

Mwaka 1903 yeye na mwenziwe George Walker waliifikisha Broadway "In Dahomey", tamthilia ya nyimbo iliyotungwa na kuchezwa na Weusi; muziki wa Will Marion Cook, mashairi mengi ya Paul Laurence Dunbar. Mwaka uleule ikachezwa London, hata kwenye kasri la Buckingham. Mwaka 1910 Williams akaajiriwa na Ziegfeld, na baadhi ya waigizaji wa Kizungu wakatishia kugoma. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa na watu ambao hoteli zao zilimkatalia chumba.

Lakini lililo kubwa ni sanaa yenyewe. Kulikuwa na kipande chake cha kucheza kamari peke yake: karata hazipo, wachezaji wenzake hawapo, na neno hatamki. Kwa macho na vidole tu mtazamaji alijua nani kashika nini na nani anadanganya. Na mpenzi wa ushairi aisikilize santuri ya "Nobody" aliyoirekodi mwaka 1906, muziki wake mwenyewe na maneno ya Alex Rogers. Nusu anaimba, nusu anasema, na neno analichelewesha mpaka msikilizaji analitamani. Anayejua thamani ya kituo katika beti atamtambua fundi.

Alifariki mwaka 1922. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la sanaa za kisasa, New York, lilionyesha vipande vya filamu aliyoicheza mwaka 1913, ambayo haikukamilishwa. Wenzake Weusi wamo na nyuso zao wenyewe. Wanacheza dansi, wanapanda farasi wa bembea. Yeye ndiye aliyejipaka masizi, na bado anambusu mpenziwe kwa upole, kama mtu yeyote. Wahakiki hao waitazame kabla hawajashika kalamu tena.