Nani ananoa kisu cha nyumbani kwako?



Ndugu msomaji, juma hili naomba tuzungumze kuhusu kisu. Huenda ukaona kwamba kisu ni jambo dogo, lisilostahiki kuchukua nafasi katika kurasa za familia ambazo tumezoea kuzungumzia ndoa, malezi na mirathi. Nami nilikuwa na fikra hiyo hiyo, hadi siku moja ya Idd el-Hajj iliponiaibisha mbele ya watu na mbele ya nafsi yangu.

Mwaka huo kamati ya msikiti wetu ilinikabidhi mimi, katibu wake, jukumu la kuandaa vifaa vya kuchinjia. Niliandika orodha kwa mpangilio mzuri: kamba, madumu ya maji, majani ya mgomba, mifuko, mizani na visu viwili. Visu hivyo nilivinunua mwenyewe siku moja kabla ya Idd, vikiwa bado ndani ya karatasi zake, vinang'aa hata mtu angeweza kujitazama uso. Sikuvijaribu. Kwangu mimi kisu kipya kilikuwa ndicho kisu kikali, na hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Mbuzi wa kwanza na wa pili walichinjwa vizuri kwa kisu alichokuja nacho mchinjaji wetu, mzee ambaye sote tunamwita Maalim. Kisha kisu chake kikahitajika upande wa pili kwa ajili ya ng'ombe, nami nikamkabidhi kimoja cha vile vipya. Mbuzi wa tatu, kwa kusema kweli, alikerezwa. Maalim alipeleka mkono na kuurudisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na mnyama yule alitoa sauti ambayo watoto wa madrasa waliokuwa nyuma ya ua waliisikia. Mmoja wao akauliza kwa sauti: "Mbona babu anakata kama msumeno?" Hakuna aliyemjibu.

Maalim alipomaliza alinawa mikono, akanijia pale nilipokuwa nimekaa na daftari la majina ya wenye kugaiwa nyama. Hakunigombeza. Aliniambia kwa sauti ya chini: "Katibu, hadithi unaijua. Na kisu je?"

Hadithi aliyoikusudia ni ile iliyopokewa na Shaddad bin Aws (RA), iliyomo katika Sahihi ya Imam Muslim, na ambayo Imam Nawawi ameiweka kuwa ya 17 katika mkusanyiko wake wa Hadithi Arobaini. Ndani yake Mtume (SAW) anatufundisha kwamba Allah (SW) ameandika ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mwenye kuchinja anapaswa kunoa kisu chake na kumpumzisha mnyama wake. Hadithi hiyo niliihifadhi chuoni, nikatahiniwa kwayo, na nikapata alama nzuri. Nimeisomesha mara kadhaa katika darsa baina ya Magharibi na Isha. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kunoa kisu hata kimoja kwa mkono wangu.

Jioni ile nilipeleka nyama nyumbani, nikasimama mlangoni mwa jiko. Mke wangu alikuwa akikata vitunguu vya kachumbari. Kabla ya kila kitunguu aligeuza kikombe cha udongo, akapitisha kisu mara mbili tatu kwenye kitako chake, kisha akaendelea. Nilimwuliza tangu lini anafanya hivyo. Alinijibu bila kuinua macho: "Tangu tuoane, baba watoto. Nilikuambia Ramadhani ya mwaka juzi, ukasema utakipeleka kikanolewe." Katika kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto palikuwa na kovu ambalo sikuwahi kumwuliza alilipataje. Safari hii nilimwuliza, na jibu lake lilikuwa ni kisu kile kile.

Watu wengi hudhani kwamba kisu kikali ndicho cha hatari. Ukweli ni kwamba kisu kikali huingia pale kinapowekwa, kwa nguvu ndogo. Kisu butu huteleza kwenye ganda la nyanya au la kitunguu, na kwa kuwa mkataji amekikandamiza kwa nguvu zake zote, kinapoteleza huangukia kidoleni kwa nguvu zile zile. Ndipo nilipofahamu kwamba ubutu wa kisu una mwenye kuulipia, na aghalabu siye yule aliyezembea. Msikitini aliyelipa ni mbuzi. Nyumbani kwangu aliyelipa ni mke wangu, kwa miaka.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kijana mnoa visu anayepita mtaani kwetu na baiskeli yake. Huisimamisha kwa kigingi, akakanyaga pedeli, na jiwe la duara likazunguka. Aliniambia, kwa uaminifu uliompunguzia riziki yake mwenyewe, kwamba jiwe lake ni la haraka lakini hula chuma na kukipasha moto, na kwamba mwenye visu viwili vitatu vya jikoni atafanya vyema kununua kinoo chake na kunoa polepole. Nilimshukuru, na hadi leo panga la nyumbani humpa yeye.

Kinoo cha kuanzia ni kile cha bapa chenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, kinachopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Katika mawe yaliyoandikwa namba, kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo jiwe linavyokwaruza zaidi. Namba 400 hufaa kwa kisu chenye mapengo au kilichokwisha makali kabisa, namba 1000 kwa kunoa kwa kawaida, na namba 3000 na zaidi kwa kulainisha. Weka kitambaa kilicholowa chini ya jiwe ili lisiteleze, kisha lilowanishe kwa maji. Wapo wanaotumia mafuta, nayo yanafaa, ila jiwe likishazoeshwa mafuta liendelee na mafuta.

Siri ya kazi yote ni mwinamo. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze hadi nusu, kisha kilaze tena nusu ya ile nusu. Hapo umefika kwenye nyuzi 22 na ushei, na ukikilaza kidogo zaidi utakuwa kati ya nyuzi 15 na 20, ambazo ndizo zinazofaa kwa visu vingi vya jikoni. Kwa kisu chenye upana wa sentimeta 4, mgongo wake utakuwa umeinuka juu ya jiwe kwa kiasi cha sentimeta moja na robo. Ushike mwinamo huo, usukume kisu kwa utulivu kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha, bila kukikandamiza. Ukitaka kujua kama unagusa mahali panapotakiwa, paka wino wa maka peni kwenye makali. Wino ukiondoka hadi ukingoni kabisa, uko sawa. Ukibaki ukingoni na kuondoka kwa juu tu, umekilaza mno.

Endelea upande huo mmoja mpaka uhisi, upande wa pili, kijiuzi chembamba cha chuma kilichojikunja katika urefu wote wa makali. Kipapase kwa ncha ya kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe usipitishe kidole katika urefu wa makali. Kijiuzi hicho ndicho dalili kwamba pande mbili zimekutana. Bila hicho, hata ukinoa saa nzima hujanoa. Kikipatikana, geuza kisu ufanye vivyo hivyo upande wa pili, kisha upunguze nguvu, ukipishana upande huu na ule kwa mikono myepesi, na umalizie kwa kupitisha kisu kinyumenyume kwenye ngozi ya mkanda wa kiunoni. Jaribu kwa karatasi au kwa nyanya. Kisu kilichonoleka hukata nyanya kwa uzito wake na mvuto mdogo wa mkono.

Mimi nilikosea mwezi mzima. Nilikuwa na haraka, na kila nilipopeleka mkono mwinamo ulibadilika, makali yakawa ya duara badala ya kukutana. Nilikiharibu kisu kimoja hata mke wangu akanishauri nirudi kwenye kikombe. Kilichonisaidia ni kupunguza mwendo na kuacha kuzungumza wakati wa kunoa. Kwa mtu wa vikao na mihutasari, hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Sasa ni mazoea yangu ya kila Jumamosi baada ya Alasiri. Hutandika mkeka barazani, nikakaa nusu saa na visu vya nyumbani, pamoja na kisu cha kukunja cha marehemu babu, alichokuwa akimenyea machungwa. Nilikikuta kimeshika kutu kwenye bawaba. Nilikisafisha, nikatia tone la mafuta, na leo kinafunguka kwa kidole kimoja. Mwanangu mwenye umri wa miaka tisa hukaa upande wa pili wa mkeka, na kazi yake ni kudondoshea jiwe maji kwa kijiko. Kisu bado hajakishika. Anajifunza kwanza kwamba kinashikwa vipi na kinapewa vipi mtu mwingine, kwani dini yetu haikuliacha hata hilo. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alikataza kupeana upanga ukiwa nje ya ala yake, na aliwaamrisha wanaopita na mishale msikitini au sokoni washike vyembe vyake ili wasimjeruhi Mwislamu. Basi kisu cha kukunja hupewa mtu kikiwa kimefungwa, na cha jikoni huwekwa chini ili mwenzako akiokote kwa mpini.

Ni wajibu niseme pia kuhusu maradhi ya kazi hii. Ipo siku nilijikuta nina visu saba, nikiwaonesha wageni namna kinavyonyoa malaika ya mkono. Mke wangu alinitazama akasema: "Visu saba, na nyama ni kilo moja." Aliniambia kweli. Makali yanayonolewa ili yasifiwe hayamfai mtu yeyote. Nilibakisha vitatu, vinne nikavigawa kwa majirani, na tangu hapo majirani ndio wanaonipa kazi. Wengi wanaoleta visu ni akina mama, na karibu kila mmoja hunieleza kwamba chake kimekuwa butu kwa muda mrefu na kwamba alishasema.

Akina baba wenzangu, hapo ndipo ninapotaka tusimame. Mtume wetu (SAW), kama ilivyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas (RA), alimkemea mtu aliyemlaza mbuzi na kuanza kunoa kisu huku mnyama akimtazama, akamwuliza kama anataka kumfisha mara mbili. Ikiwa huruma ya dini yetu imefika hadi kwenye macho ya mbuzi, vipi isifike kwenye vidole vya wake zetu na mama zetu? Tunasimama kidete kuhusu uhalali wa nyama inayoingia ndani, nasi tunawaachia wanaoikata chombo ambacho sisi wenyewe tusingekivumilia kwa dakika tano.

Kamati yetu sasa ina utaratibu. Juma moja kabla ya Mfungo Tatu kuandama, visu vya msikiti hutolewa, hukaguliwa kama vina mapengo, hunolewa na kujaribiwa kwa karatasi, kisha hufungwa katika kitambaa. Siku ya kuchinja huwekwa kisu cha akiba na kinoo kando, mbali na wanyama. Idd iliyofuata baada ya ile ya aibu, Maalim alipokea kisu nilichokinoa mwenyewe. Akaelekeza mnyama kibla, akapiga Bismillahi, akapitisha mkono mara moja. Hakunisifu. Alikifuta, akakirudisha kwa mpini, akasema: "Mlete anayefuata."

Ndugu msomaji, usiku wa leo kabla ya kulala ingia jikoni uchukue kisu kinachotumika kila siku, ukijaribu kwenye nyanya. Kikiteleza, usimwulize aliyekuwa akikitumia kwa nini hakusema. Huenda alikwishasema.

Wabillahi tawfiq.