Ya Wiki Hii: Kipya Kinyemi

Wiki hii habari zetu, sanaa, wanyama na muziki vina shari kidogo, basi tusameheane mapema. Tumechoka kuona mgeni wa siku saba anakijua kisiwa chetu kuliko mwali aliyezaliwa hapa.

Habari. Jumamosi tulikuwa kwenye msafara wa harusi kuelekea Paje. Magari 11, honi njia nzima. Tulipofika Jozani, watalii walikuwa wamesimama pembeni, kimya, wanatazama juu mitini. Sisi tukapita kwa kelele zetu. Biharusi akauliza: "Wanaangalia nini hawa?" Mtoto wa Unguja huyo, msomi, na hajapata kumuona kima punju hata siku moja.

Wanyama. Haya, tumwambie. Kima punju ni mnyama wa Unguja kwa asili, na nje ya Zanzibar humpati porini popote duniani. Hula majani, na akishayala ya mwembe na mkungu huokota makaa akayatafuna. Watafiti wanaona makaa hayo yanamsaidia kuizuia sumu iliyomo kwenye majani. Nani aliyemfundisha tiba hiyo ila Mola wake? Na yale matuta ya barabarani tunayoyalaani tukiwa tumevaa viatu virefu, yamewekwa kwa sababu magari yalikuwa yakimuua. Qur'ani inatuhimiza tutembee na tuuzingatie uumbaji. Haikusema tuanzie Istanbul.

Sanaa. Siku hizi harusi moja gauni tatu, zote za kukodi. Kisutu, kanga ya mabiharusi tangu enzi za bibi zetu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, tumekikuta kimetandikwa mezani hotelini. Hatusemi gauni ni haramu, wala hatumnyimi mtu raha yake. Tunasema hivi: gauni Jumatatu linarudi dukani, kisutu kinabaki nawe, na inshaallah kitamfunika mwanao. Hesabu mwenyewe kipi kilichokupa thamani ya pesa yako.

Muziki. Ukumbini spika zilikuwa mbili, kila moja inakaribia urefu wa mlango. Bibi yake biharusi alikaa saa nzima ameziba masikio, na vigelegele vyetu havikusikika hata kwa aliyekaa kiti cha pili. Zamani harusi kama hii ingepigiwa kidumbaki: ngoma mbili ndogo, fidla, na sanduku la chai lililofungwa uzi likatoa sauti nzito. Leo kidumbaki chenyewe ukikitaka ukakitafute kwenye matamasha na mahotelini, wanakopigiwa wageni. Na hiki ndicho kisiwa cha Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyevuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi sauti yake kwa Kiswahili. Sisi wajukuu zake tunaolewa kwa nyimbo ambazo hata maneno yake hatuyaelewi.

Tunajua wapo watakaotuuliza: je, ni sawa kuutetea muziki kwenye ukurasa wa dini? Maulamaa wamehitilafiana, nasi si mamufti. Lakini dufu harusini linajulikana tangu zama za Mtume (S.A.W.), na mwenye shaka na kidumbaki achukue dufu, atapata furaha na utulivu wa moyo. Tusilolikubali ni mtu kuridhia spika za usiku kucha, halafu akaikumbuka dini pale tu inapotajwa ngoma ya nyanya yake.

Kipya kinyemi, walisema wazee, ingawa kidonda. Kinachotuuma si kipya chenyewe. Kinachotuuma ni kwamba kila tunachokiacha huokotwa na mwengine, kikawekwa bei, na baadaye watoto wetu watakiona kwa tiketi. Wapigaji wa kidumbaki hawatakaa kutusubiri, na fundi asiye na harusi za kwenda hana sababu ya kumfundisha mwanawe.

Basi dada, kabla hujalipa amana ya ukumbi, tafuta kundi moja la kidumbaki au la dufu, ulize bei. Mwambie somo wako akutolee kisutu.

Na biharusi wetu wa Jumamosi tumeshampa ahadi. Akimaliza fungate tunampeleka Jozani, kwa kiingilio cha wenyeji, bila honi.