Karo za dirisha la dushi zikianguka, tafuta maji kwanza

Juma hili tuingie dushi.

Mwezi wa tatu, mvua ya Bukavu ikipiga karibu kila siku, karo moja ya chini ya dirisha letu la dushi ilianguka ndani ya beseni. Nilikuwa nimetoka tu kumwondoa humo kitinda mimba wangu. Kipande cha karo kinakata kama wembe. Nilitetemeka hadi usiku.

Fundi alikuja, akapaka simenti, akairudisha, nikamlipa. Kisha miezi miwili ikaanguka tena, pamoja na mbili za pembeni. Akasema: “Mwalimu, karo hizi ni mbaya, ununue zingine.” Pesa niliyokuwa nayo ni ya likirimba, niliyoiweka kwa masomo ya watoto. Nilikataa. Darasani, mtoto akikosa hesabu ileile mara mbili, simnunulii daftari mpya. Natafuta mahali anapokosea.

Nilimwita fundi mwingine, mzee. Aligonga kila karo kwa mpini wa kijiko. Iliyoshika ukuta inatoa sauti ngumu. Iliyoachana nao inalia kama kitu kitupu. Zenye kulia hivyo zote zilikuwa chini ya dirisha. Karo haina kosa, alisema, maji yanapita nyuma yake.

Maji hayo yanatoka wapi? Jaribu hivi: siku mbili zisizo na mvua, wote waoge mahali pengine. Ukuta ukianza kukauka, huenda ni maji ya kuoga. Ukilowa tena baada ya mvua, wakati hakuna aliyeoga, yanatoka nje. Kwetu yalitoka pande zote mbili.

Tulingoja kiangazi, mwezi wa saba. Kazi ilikwenda hivi:

1. Kutoa karo zote zilizoachana, na kukwangua simenti iliyolegea mpaka kufika pagumu.
2. Kuacha ukuta ukauke kabisa. Karo haishiki juu ya unyevu, vumbi wala rangi.
3. Nje, kutengeneza kizingiti cha dirisha kiinamie nje, mvua isilale hapo. Ndani, karo za kizingiti ziinamie upande wa dushi, maji yasisimame kwenye chuma cha dirisha.
4. Kupaka kole mgongo mzima wa karo. Wengine wanaweka madonge matano tu. Katikati yanabaki matundu, na maji yanakaa humo.
5. Kungoja siku nzima kabla ya kujaza viungo.
6. Kati ya karo na chuma cha dirisha, kuacha nafasi ndogo na kuijaza silikoni, si simenti. Chuma kinatanuka kwa joto na kujikunja kwa baridi. Simenti inapasuka, silikoni inavutika.

Karo zilezile za zamani, tulizisugua, zikarudi. Tulinunua moja tu, ile iliyovunjika. Mvua za mwezi wa tisa zilikuta ukuta mkavu.

Basi, kabla ya kumlipa fundi, muulize: “Maji yanapitia wapi?” Akikosa jibu, usifungue mfuko bado. Na leo jioni, kabla ya kuogesha watoto, chukua kijiko ugonge. Ukisikia sauti tupu, toa karo hiyo wewe mwenyewe, isije ikamwangukia mtoto.

Tuonane juma lijalo.