Maji Kwanza, Mgeni Baadaye

Mwezi huu naomba nikutoe kidogo kwenye mambo yetu ya mahari, mawifi na simu zinazolala kifudifudi, nikupeleke sebuleni kwa mdogo wangu kule Birmingham, Uingereza. Usiogope, mapenzi yamo humu humu.

Novemba 2023 nilikwenda kumtembelea yeye na shemeji. Ndoa yao ilikuwa na miaka miwili. Yeye ni nesi wa zamu za usiku, shemeji anafanya kazi ghalani kuanzia alfajiri, yaani wanapishana mlangoni tu. Nilipoingia nikakuta tangi jipya la kioo pembeni ya sofa, lina taa ya bluu, linang'aa kama la hotelini. Ndani walikuwemo viumbe wawili wadogo, urefu wa kidole, weupe wa kupauka, na vishungi vyekundu kila upande wa kichwa. Midomo yao imekaa kama wanatabasamu. Kwa kweli ndio pekee waliokuwa wakitabasamu nyumba ile, maana wenyewe walikuwa hawasemezani.

“Dada, njoo uamue,” mdogo wangu aliniambia jikoni, sauti ya chini. Kumbe ile ilikuwa zawadi ya kumbukumbu ya ndoa. Shemeji alinunua tangi, chujio na wanyama siku moja, duka moja, akajaza maji na kuwatumbukiza jioni ile ile. Siku ya nne wakaacha kula. Siku ya sita mmoja wao, waliyempa jina la Pwagu, akaonekana hana kiganja cha mguu wa mbele. Pwaguzi alikuwa amemng'ata.

“Nimeletewa kazi nyingine bila kuulizwa,” akasema. Halafu akatoa lililokuwa moyoni: “Kama hivi viwili vinatushinda, huyo mtoto tunayempanga tutamuweza?”

Jamani! Hapo nikajua hatuzungumzii wanyama tena.

Ni nani hawa?

Wanaitwa aksolotli. Si samaki, ni amfibia, ndugu wa vyura, ila huyu habadiliki akatoka majini. Hubaki na matamvua yake ya nje, vile vishungi, hadi uzeeni. Kwao ni Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Porini wamebaki wachache sana na wako hatarini kabisa kutoweka. Wa kufugwa ni wengi, na tangu mwaka 2021 walipoingizwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Minecraft, vijana wengi Ulaya na Marekani wanawataka. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 hadi 15. Si zawadi ya msimu, bwana!

Mzee wa ghorofa ya chini

Aliyetuokoa ni jirani, mzee aliyefuga samaki miaka mingi. Alikuja na vichupa vyake vya kupimia maji, akadondosha matone ya dawa. Maji yasiyo na amonia yangebaki ya njano. Yetu yakawa kijani. Akatikisa kichwa: “Hawa wanaogelea kwenye choo chao.”

Akatufafanulia. Mnyama wa majini anajisaidia humo humo anamoishi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu inayounguza ngozi na matamvua. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wema wanaoishi hasa ndani ya chujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, isiyo kali hivyo, na hiyo unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Sasa bakteria hao hawaongezeki kwa siku moja. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi nane, tangi likiwa halina mnyama, huku unalitilia amonia kidogo kidogo na kupima. Siku utakayotia amonia, na baada ya saa 24 ukakuta amonia sifuri, nitriti sifuri, na nitreti imeonekana, basi nyumba iko tayari kupokea mgeni.

Shemeji akainamisha kichwa. Lakini mzee hakuishia hapo. Akauliza, “Nani anaosha chujio?” Mdogo wangu, kwa usafi wake wa kinesi, alikuwa anasugua sponji kwa maji ya bomba kila baada ya siku mbili. Klorini ya bomba inaua bakteria wale wale. Sponji husuuzwa taratibu ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, basi. Kumbe mmoja alikosea kwa haraka, mwingine kwa usafi!

Na tangi liliwekwa jirani na kipasha joto cha ukutani, eti hapo ndipo lilipopendeza. Kipimajoto kilisoma nyuzi 24. Aksolotli anataka nyuzi 16 hadi 18. Joto likizidi hukosa raha, hukataa kula, huugua kirahisi. Matamvua yakijikunja kuelekea mbele, ujue hayuko sawa.

Walichofanya

Usiku ule ule wanyama walihamishiwa kwenye mabeseni mawili ya plastiki, kila mmoja lake, kwenye chumba cha baridi. Wadogo wanang'atana miguu, hasa wakiwa na njaa, kwa hiyo kuwatenganisha ni lazima. Maji ya beseni yalibadilishwa yote kila siku, yakiwa yameshatiwa dawa ya kuondoa klorini na yana joto lile lile. Tangi likabaki tupu kukomaa, likahamishwa kutoka kwenye joto, na kokoto zikatolewa maana aksolotli humeza chochote kinachoingia mdomoni. Taa ya bluu ikazimwa. Hawana kope, mwanga mkali unawasumbua, afadhali uwape mahali pa kujificha.

Chakula? Wakiwa wachanga kabisa hula vilivyo hai tu, kama uduvi wadogo waliotoka kuanguliwa. Wakifika ukubwa wa Pwagu na Pwaguzi, nyungunyungu aliyekatwa vipande vidogo ni chakula bora, kila siku. Mabaki unayatoa siku hiyo hiyo.

Wakagawana zamu. Mdogo wangu akirudi asubuhi, analisha. Shemeji akirudi jioni, anabadilisha maji. Wakaning'iniza karatasi kwenye friji: tarehe, joto, amonia, nani amefanya nini. Siku ya tatu nikaona shemeji ameandika chini yake, “Pwagu amekula. Samahani, mke wangu.” Asubuhi yake lilikuwepo jibu: “Na mimi na sponji yangu, samahani.” Nilicheka peke yangu jikoni.

Wiki ya saba nikiwa nimesharudi Dar, nikaletewa habari kuwa tangi limeiva. Picha iliyofuata ilikuwa ya mguu wa Pwagu. Aksolotli anaota upya kiungo kilichokatika, na vidole vyake vinne vilikuwa vimerudi vyote, vidogo, kama havijawahi kung'atwa.

Na sisi huku?

Ukiwa Dar, usijaribu aksolotli. Mchana wa Februari unapita nyuzi 30, na bila mashine ya kupoza maji utamchemsha mnyama wa watu. Lakini kama wewe na mwenzako mnataka hata samaki wa dhahabu wa pale sebuleni, somo ni lile lile: nunueni tangi leo, samaki baada ya wiki kadhaa. Maji kwanza, mgeni baadaye.

Na ile hofu ya mdogo wangu? Nilimjibu siku naondoka. Viwili vile havikuwashinda, mdogo wangu. Mlichokosa ni kukaa chini wawili kabla ya mgeni kufika. Sasa mmeshajua pa kuanzia.

Wewe je, kuna kitu kimeletwa nyumbani kwako bila kuulizwa? Kaeni mkiongee leo, kabla siku ya sita haijafika. Tukutane mwezi ujao!